Papai la Hawaii na historia ya uhandisi jeni

Ukitaja GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, wengi hufikiria mahindi, na nyuma ya mahindi kampuni kubwa ya mbegu. Mimi nikiulizwa huanza na papai.

Teknolojia yenyewe ni ya 1973, pale Stanley Cohen na Herbert Boyer wa Marekani walipopandikiza jeni ngeni ndani ya bakteria ikafanya kazi. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya panya. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria. Awali wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Insulini hiyo husahaulika sana tunapobishana kuhusu GMO. Nyanya ya Flavr Savr, iliyobadilishwa jeni, ilifika sokoni mwaka 1994, haikukaa.

Turudi kwenye papai. Huko Hawaii, wilaya ya Puna ndiyo iliyokuwa ikizalisha karibu mapapai yote ya visiwa hivyo. Mwaka 1992 vikaonekana virusi vinavyoenezwa na vidukari: majani hukunjamana, mti hudumaa, ganda la tunda huchorwa vipete na utamu hupungua. Dawa hakuna. Wakulima walikata miti, na bado kufikia 1998 mavuno ya Puna yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu.

Bahati ni kwamba Dennis Gonsalves, mzaliwa wa Hawaii aliyekuwa mtafiti wa magonjwa ya mimea Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa ameianza kazi ya kutafuta papai linalohimili virusi hivyo miaka kadhaa kabla. Yeye na wenzake walichukua jeni inayounda ganda la protini la virusi hivyohivyo, wakaibandika kwenye chembe ndogo mno za metali na kuzifyatua kwa kifaa maalumu ndani ya seli za papai. Wengi huita hiyo chanjo. Si chanjo hasa: mmea hujifunza kukatakata ujumbe wa kijenetiki wa virusi kabla havijazaliana. Na anayeogopa kula protini ya virusi akumbuke kwamba kila aliyekula papai lililougua alikwisha kuila, tena kwa wingi.

Mei 1998 wakulima waligawiwa mbegu za aina iliyoitwa Rainbow, bila malipo. Wengi wa waliofanya utafiti walikuwa watu wa vyuo vikuu na taasisi za umma, jambo ambalo kwangu linabadilisha sana mjadala wa nani anamiliki mbegu.

Soko lilikuwa gumu zaidi. Japani, mteja mkubwa wa Hawaii, haikuliruhusu papai hilo hadi 2011. Waliotaka kuuza huko waliendelea kupanda papai la kawaida na kuthibitisha kwa vipimo kwamba halijachanganyika. Hata hao walifaidika na Rainbow: ilipotanda Puna, virusi vilipungua, na mapapai yao ya kawaida yakapata nafasi ya kukomaa.