Je, wajua kwanini ukuta wa chumba chako bado una moto saa nne usiku?

Kama umepanga Dar na dirisha lako linatazama magharibi, hili unalijua bila kufundishwa. Chumba changu cha Tabata, ukuta wa kichwani nikiuwekea kiganja saa nne usiku, jua limezama kitambo, bado uko kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Feni inazunguka weee ila inachofanya ni kulitembeza lile lile joto.

Sababu wala sio uchawi. Tofali la saruji linameza joto taratibu mchana kutwa halafu linalitemea ndani masaa kadhaa baadaye, yaani muda ule ule we unataka kulala. Na ukuta wa magharibi ndo unaumia kuliko zote maana jua la alasiri linakuja likiwa chini, linaupiga uso kwa uso. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwahiyo saa sita mchana jua linakua juu juu mwaka mzima, Juni limeegemea kaskazini, Disemba limeegemea kusini kidogo, hapo paa likitokeza vizuri nje ya ukuta kivuli unapata. Lile la asubuhi na jioni paa haliliwezi, linapita chini yake. Ndo maana mchora ramani anayejua kazi atakwambia upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, huku magharibi weka choo, stoo, ngazi, sehemu ambazo halali mtu. Na upepo nao haukukosi, kwasababu kaskazi inakuja toka kaskazini mashariki na kusi toka kusini mashariki, zote zinapiga madirisha kwa pembeni.

Sasa hilo ndo jengo la kijani, yaani jengo linalokula umeme na maji kidogo, linapoanzia. Watu wakisikia jengo la kijani wanawaza sola kwenye paa na maua kwenye kibaraza, kumbe kitu cha kwanza ni kugeuza ramani kabla fundi hajachimba msingi, na hapo hujatoa hata mia ya ziada.

Tukija kwenye maghorofa ya vioo ndo utacheka. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo kirahisi, unapiga vigae na meza, vikipata moto vinatoa joto la aina nyingine ambalo kioo hakilipitishi kirudi nje kirahisi, ndo kile kile kinachokupata ukiacha gari juani madirisha yamefungwa. Pazia la ndani halisaidii sana, ni kufunga mlango mwizi ashaingia, kivuli inabidi kiwe nje ya kioo. Wazee walilijua hili, kacheki yale majengo ya miaka ya 60 pale Chuo Kikuu Mlimani, vibaraza virefu na kuta za matundu. Sisi tukaja na madirisha ya kuslaidi, mazuri kweli, ila ukifungua ni nusu tu inafunguka, nusu nyingine imezibwa na kioo mwenzake! Yale ya luva ya zamani yalikua yanafunguka karibu lote.

Baada ya hapo unanunua AC. Kama ulikua kwenye ile bei ya chini ya LUKU, ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, AC ikila uniti tano tu kwa usiku, siku 15 umezimaliza zote, na hujawasha pasi wala friji. Kwenye maji nako hivyo hivyo. Paa la mita 10 kwa 10 mvua ikinyesha milimita 20 tu, zimedondoka lita 2,000 juu yako, simtank mbili za lita elfu elfu, ila masika nzima tunaziangalia zikienda mtaroni halafu Januari tunaita boza.

Haya, na cheti cha jengo la kijani ni cha nini? Kwasababu kila mwenye jengo siku hizi anasema lake ni la kijani, na mpangaji au benki hawawezi kuingia ukutani kuhakikisha. Cheti ni mtu wa pembeni amekuja kukagua. Waingereza walianza na BREEAM mwaka 1990, Marekani wakaja na LEED ambayo inahesabu pointi, ukifika 40 unapata cheti, ukifika 80 unaitwa Platinum. Kwa huku kwetu naona rahisi zaidi ni EDGE ya IFC, wale wa kundi la Benki ya Dunia. Masharti yake yanaeleweka: jengo lako liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati au kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la hapo hapo ulipo. Hilo la vifaa watu wanalisahau, wakati saruji peke yake inabeba karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni tunayotoa duniani.

Mi cheti sikidharau, ila tusidanganyane, hakipoozi chumba. Unaweza kua nacho kimening'inia mapokezi halafu watu wanawasha AC milango iko wazi.

Mimi mpangaji, nyumba siwezi kuigeuza. Nilichofanya nimechukua majamvi mawili makuukuu nikayafunga kwa nje kwenye ule ukuta, nikaacha nafasi ya kiganja katikati ili hewa ipite. Ukuta bado una uvuguvugu, ila sasa hivi saa nne usiku naegemea. Mwenye nyumba alivyokuja mwisho wa mwezi kaangalia, akasema nimemfanya nyumba yake ifanane na banda la mama ntilie. Nikamwambia shikamoo mzee, karibu ndani uguse ukuta kwanza.