Shemeji anataka jina, mimi nauliza zamu

Desemba 2024, siku timu ya besiboli ya Boston, Red Sox, walipomchukua mrushaji Garrett Crochet, nilikuwa kazini nimeshika kiwiko cha kijana wa shule. Simu ikalia mara tatu mfululizo, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni shemeji. Hata salamu hakutoa.

"Wametoa wanne! Wanne, shemeji, na Teel yumo!"

Mume wa dada yangu ameishi hapa Lowell, Massachusetts, miaka mingi kuniliko, na Red Sox wamemkaa rohoni kama walivyomkaa wachezaji wa Mombasa ujanani mwake. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mabega na viwiko ndio ugali wangu, na katika jimbo hili viwiko vingi vinavyonifikia ni vya vijana wanaorusha mpira wa besiboli. Basi kila baridi ikiingia, mechi zimekwisha na timu zimeanza kubadilishana wachezaji, sisi wawili hatuelewani. Yeye anataka jina kubwa. Mimi namuuliza: huyo atakupa zamu ngapi?

Nieleze hilo kwa wasiofuatilia mchezo huu. Mechi ina zamu tisa, na katika kila zamu timu hupiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe. Msimu una mechi 162. Zidisha, unapata zamu 1,458, na kila moja lazima awepo mtu wa kuirusha. Mrushaji anayeanza mechi hurusha mipira tisini mpaka mia hivi, halafu mkono wake unalazwa siku nne au tano. Akijaliwa afya ataanza mechi 32 kwa mwaka. Siku hizi anayefikisha zamu 180 anatafutwa kwa tochi. Hata ungekuwa na watano wa aina hiyo, na sijaona timu iliyo nao, ungefika 900 tu. Zile zaidi ya 550 zinazobaki wanagawana warushaji wa akiba wanaoingia mechi ikiendelea, vijana waliopandishwa juzi kutoka ligi za chini, na mzee mmoja aliyeokotwa mwezi wa Julai kwa kuwa hakuna mwingine.

Hiyo ndiyo njaa yenyewe. Hakuna timu inayosema warushaji wanatutosha. Wanatafutwa kila pembe ya dunia. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na wote wawili ni warushaji.

Sasa bei. Aliyezoea usajili wa soka hupotea njia hapa, kwa sababu klabu haimtumii mwenzake mabilioni ili imchukue mchezaji. Watu hutolewa kwa watu. Na kinachopimwa kwenye mizani ni miaka. Mchezaji akishaingia ligi kuu, klabu inammiliki mpaka atimize miaka sita ya utumishi, ndipo awe huru kwenda anakotaka. Miaka mitatu ya mwanzo mshahara wake huwa karibu na kima cha chini. Baada ya hapo hubishaniwa kila mwaka, wakishindwana huamuliwa na wasuluhishi. Kwa hiyo ukimnunua mrushaji aliyebakiza miaka miwili, unanunua misimu miwili ya zamu zake kwa bei nafuu, basi.

Crochet alikuwa amebakiza miwili. Mshahara wake wa 2025 ulikuwa dola milioni 3.8, na kwa mrushaji wa daraja lake hizo ni pesa za chai. Msimu wa 2024 alikuwa amewatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani bila wao kufanikiwa kuupiga mpira, katika zamu 146 tu, akiichezea Chicago White Sox iliyopoteza mechi 121, rekodi mbaya kuliko zote za zama hizi. Mrushaji bora kwenye timu ya namna hiyo ni jokofu kwenye nyumba isiyo na umeme. Walikuwa lazima wauze. Boston wakatoa chipukizi wanne: mdakaji Kyle Teel aliyechaguliwa wa 14 mwaka 2023 katika uchaguzi wa kila mwaka ambao klabu hupokezana kuchukua chipukizi, Braden Montgomery aliyechaguliwa wa 12 mwaka 2024, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez.

Shemeji aliomboleza kama aliyedhulumiwa urithi. Teel alikuwa amemtazama kwa macho yake mwenyewe, anamjua mpaka namna anavyofunga kofia. Sikumlaumu. Chipukizi ni ndoto, na ndoto haina takwimu mbaya.

Nikamkumbusha Baltimore. Februari 2024 timu yao, Orioles, walimchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee kwa kumtoa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya 34 katika uchaguzi wa chipukizi. Burnes alikuwa amebakiza msimu mmoja. Aliwapa zamu 194, kazi safi kabisa, kisha akawa huru na kusaini Arizona kwa miaka sita, dola milioni 210. Watu wa Baltimore walilia kwamba wametapeliwa. Mimi naona walipata walichonunua: zamu 194. Arizona ndio wa kuhurumiwa. Juni 2025, baada ya kuanza mechi kumi na moja tu, Burnes alipasuliwa kiwiko.

Hapa ndipo penye kazi yangu, mtaniruhusu nikae kidogo.

Upande wa ndani wa kiwiko kuna ligamenti fupi inayofunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa chini. Jishike mwenyewe: kunjua kiwiko nusu, papasa upande ulio karibu na mbavu, utagusa kifundo cha mfupa. Inaanzia hapo. Mrushaji anapoupeleka mkono nyuma na kuufyatua mbele, kiwiko hutaka kufunguka kwa ndani, na ligamenti ile ndiyo inayokizuia. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba katika mrusho mkali mvuto huo unafika pale ambapo ligamenti peke yake ingekatika. Misuli ya kigasha ndiyo inayoiokoa. Sasa misuli ikichoka, kwa mfano mrusho wa tisini siku ya baridi ya Aprili, mwokozi ameshalala.

Haikatiki kwa kishindo, mara nyingi. Inafumuka kidogo kidogo kama ukili uliochakaa. Vijana wangu huniambia, "Hauumi, ila mpira hauendi ninakotaka." Nikisikia hivyo tu naanza kuogopa.

Zamani kukatika kwake kulikuwa mwisho wa kazi. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe, huko Los Angeles, alichukua kano kutoka mkono wa pili, usio na jeraha, wa mrushaji Tommy John, akatoboa mifupa ya kiwiko kibovu na kuipitisha humo iwe ligamenti mpya. John alirudi uwanjani 1976 na akarusha mpaka 1989. Kati ya ushindi wake 288, aliupata 164 baada ya kisu. Upasuaji ukabeba jina lake, na leo ni wa kawaida hivi kwamba nina wazazi wanaoniuliza kama mtoto anaweza kufanyiwa mapema ili arudi na nguvu zaidi. Haumpi mtu nguvu zaidi. Unamrudisha, na kurudi kwenyewe huchukua mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu wa mazoezi yanayochosha roho kuliko mwili. Huko nyuma ya pazia ndiko kijana anakojifunza mwendo mzuri wa mwili mzima, na sifa zote akapewa daktari wa kisu. Wivu wa kazi huo, nakubali.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Crochet alipasuliwa hivyo hivyo mwaka 2022, akaukosa msimu mzima. Na 2024 ndio uliokuwa msimu wake wa kwanza kuanza mechi ligi kuu. Kabla ya hapo alikuwa mrushaji wa akiba. Kwa hiyo shemeji alipokuwa akimlilia Teel, mimi nilikuwa nikiliangalia lile kovu.

Na Boston wana kumbukumbu ya jambo hili. Desemba 2016 walikwenda duka hilo hilo la White Sox, wakanunua mrushaji wa mkono wa kushoto, mrefu wa futi sita na inchi sita, kwa chipukizi wanne. Alikuwa Chris Sale. Crochet naye ni wa kushoto, urefu ule ule, na aliuzwa kwa wanne. Ungesema wamefotokopi mkataba. Sale aliwatoa wapigaji 308 kwa straiki mwaka 2017, na 2018 ndiye aliyerusha mpira wa mwisho Boston walipotwaa ubingwa. Mapema 2019 wakampa mkataba mpya wa miaka mitano, dola milioni 145.

Mwaka 2020 kiwiko kikapasuliwa. Tangu msimu huo mpaka 2023 alirusha zamu 151 kwa jumla. Misimu minne! Ukiacha kiwiko, alipata ufa wa ubavu, akapigwa na mpira uliomvunja kidole, halafu akaanguka na baiskeli akavunjika kifundo cha mkono. Shemeji alifika mahali hataki kusikia jina lake mezani. Desemba 2023 wakamtoa Atlanta, wakaongeza na pesa juu, wakamchukua kijana Vaughn Grissom. Sale akaenda Atlanta akashinda mechi 18, akawatoa 225 kwa straiki na kunyakua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, ya kwanza maishani mwake, akiwa na miaka 35.

Wengi huisoma habari hii kama ujinga wa viongozi wa Boston. Mimi sioni ujinga mkubwa. Wakati wa kumuuza hakuna kipimo cha kiwiko, wala picha ya MRI, kingeweza kuwaambia kwamba mwili ule umemaliza madeni yake. Ningekuwa pale ningesaini mimi mwenyewe, halafu ningekosa usingizi.

Msimu wa 2025 ulimpa shemeji haki ya kunyamaza na hakuitumia. Crochet alirusha zamu 205, akashinda mechi 18 na kupoteza 5, akawatoa 255 kwa straiki, akiruhusu wastani wa pointi 2.59 kwa kila zamu tisa. Klabu ilikuwa imeshamfunga kwa mkataba wa miaka sita, dola milioni 170, unaoanza 2026. Huku Chicago, Teel na Meidroth wakaingia ligi kuu mwaka huo huo wakacheza vizuri. Naona klabu zote mbili zilinunua sawa, ila shemeji hapendi biashara isiyo na mjinga ndani yake.

Ikafika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Yankees, New York, Septemba 30. Tulikuwa kwake, pilau imepoa mezani hakuna anayeigusa. Crochet alimaliza zamu saba na theluthi mbili, akawatoa kumi na mmoja kwa straiki. Wote wanashangilia, mimi nahesabu: mia na tano, mia na kumi. Mrusho wa 117, wa mwisho wake usiku ule, ulivuka maili 100 kwa saa. Dada yangu akanigeukia akaniuliza kwa nini nimejishika kiwiko.

Boston walishinda 3–1 usiku ule, kisha wakapoteza mbili zilizofuata na safari ikaishia hapo. Hiyo ya tatu ndiyo niliyotaka kufika tangu mwanzo. Lucas Giolito, ambaye angeweza kuianza, alikuwa nje kwa kiwiko. Akapewa Connelly Early, kijana aliyekuwa na mechi nne tu za ligi kuu. Yankees nao walimweka mgeni wa mwaka huo huo, Cam Schlittler, aliyelelewa Walpole, hapa hapa Massachusetts. Akarusha zamu nane bila kuruhusu pointi, akawatoa kumi na wawili kwa straiki. Nne kwa sifuri. Shemeji alizima televisheni akaenda kuosha vyombo, jambo ambalo dada yangu bado analisimulia.

Kwa hiyo mahitaji ya baridi ile hayakuwa fumbo: mtu wa kusimama nyuma ya Crochet, awe mzima Oktoba. Novemba 2025 wakamchukua Sonny Gray kutoka St. Louis kwa warushaji wawili vijana, Richard Fitts na Brandon Clarke, na St. Louis wakaongeza pesa za kusaidia mshahara. Gray alikuwa ametimiza miaka 36 mwezi ule ule. Wastani wake wa 2025 ulikuwa pointi 4.28, wa kawaida kabisa.

Simu ikalia. "Mzee huyu wa nini, shemeji? Si tungemtafuta mwingine kama Crochet?"

Nikamsomea: 2023, zamu 184. Mwaka 2024, zamu 166. Mwaka 2025, zamu 180.

Akanyamaza kidogo. "Hizo ndizo zamu zako?"

"Ndizo."

"Na kiwiko?"

Nikamwambia nina mgonjwa mlangoni, nitampigia jioni.