Kabla ya kuhesabu hekta za michikichi, tukate tunda

Mpango wa taifa wa mawese ukizinduliwa, takwimu ya kwanza kutangazwa huwa ni hekta. Mimi ninayeshughulika na mbegu za michikichi huanzia kwenye kisu. Chukua tunda lililoiva, likate katikati. Ukikuta kifuu kinene na nyama kidogo, hiyo ni aina iitwayo dura. Kifuu kikiwa chembamba, kimezungukwa na nukta nyeusi za nyuzi, umeshika tenera, chotara wa dura na pisifera, na ndiyo yenye mafuta mengi. Pisifera yenyewe haina kifuu, na mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Urithi huu wa kifuu ulielezwa na watafiti Beirnaert na Vanderweyen nchini Kongo mwaka 1941, na kilimo cha kisasa cha mchikichi kimejengwa juu yake.

Hapo ndipo mkulima mdogo anapoumia. Anaona mti wa jirani umezaa vizuri, anaokota mbegu, anaotesha. Tenera ikichavushwa na tenera, robo ya miche itakuwa dura na robo nyingine pisifera, na kwa macho yote inafanana. Atajua baada ya miaka mitatu au minne, palizi na mbolea zimeshamla fedha. Mchikichi huvunwa kwa takriban miaka 25, kwa hiyo kosa la kitalu hurithiwa na watoto. Inaniuma kila ninapoliona shamba la namna hiyo, maana hakuna semina itakayoligeuza. Miche iliyothibitishwa, kwa bei anayoimudu mwenye nusu hekta, ingetangulia mambo mengine yote.

Linalofuata ni kiwanda. Mkungu ukishakatwa, mafuta yaliyomo huanza kuvunjika na asidi huru, inayoshusha ubora wake, kupanda, hivyo unatakiwa kukamuliwa ndani ya saa 24 hivi. Barabara ikiharibika kwa mvua, mnunuzi ndiye anayepanga bei, kwani mkulima hawezi kuurudisha mkungu ghalani akangoja soko. Vinu vidogo vilivyo karibu humpa mlango wa pili wa kubisha.

Na misitu? Hakuna zao la mafuta linalotoa mafuta mengi kwa hekta kama hili, kwa hiyo kubadilisha miti mizee ya dura kwa tenera huongeza mavuno bila kugusa msitu wala ardhi oevu ya mboji. Lakini kwa mawese yanayouzwa Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka ijulikane shamba lilipo, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Asiye na ramani anaweza kufungiwa soko hata kama hajakata mti. Ndiyo maana nasisitiza mashamba yapimwe mapema, na mwanamke anayelima aandikwe kwa jina lake.

Kuhusu miaka ile mitatu au minne ya kungoja matunda: michikichi hupandwa kwa nafasi ya mita tisa hivi. Kabla kivuli hakijafunga, maharage yanastawi vizuri hapo katikati, na familia inakula.