Sarafu ya kale haisuguliwi

Mtu akiona sarafu ya shaba ya Kilwa nyuma ya kioo cha makumbusho, nyeusi-nyeusi na yenye ukijani, humwambia mwenzake: "Jamani, wameshindwa hata kuisafisha?" Nyumbani sufuria ya shaba ikichujuka tunaisugua kwa ndimu au ukwaju, ikang'aa. Basi kwa nini si sarafu?

Kwa sababu asidi ya ndimu hung'arisha kwa kula. Ule utandu mweusi uliotulia ni shaba yenyewe iliyogeuka juu kwa miaka mingi, nao huikinga iliyo chini. Ukiutoa, unatoka pamoja na maandishi. Na kwenye sarafu za Kilwa maandishi ndiyo kila kitu: jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan, liko upande mmoja, na maneno ya upande wa pili yana kina kinacholandana nalo. Shairi dogo la Kiarabu, kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba! Lisugue mara mbili tatu, ubaki na kifungo.

Kinachowatisha watunzaji ni unga wa kijani kibichi unaopukutika. Huo huletwa na chumvi ikikutana na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili tele. Hapo mtaalamu huingilia kati, na kabati hukaushwa hewa.

Kwa hiyo wao hupima uzito, hupiga picha pande zote mbili na huishika sarafu kwenye ukingo tu. Kitambaa cha kung'arishia hakimo mezani.