Pesa za SSI ukiziacha kwenye kadi hazirudi serikalini

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kikongo aliketi mezani kwangu, akafungua fundo la kitenge akanionyesha noti za dola 20 zilizokunjwa mafungumafungu. Usiku wa tarehe 1, pesa za SSI (msaada wa kila mwezi wa serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) zilipoingia tu, alimwamsha mjukuu ampeleke kwenye ATM azitoe zote. "Nikiziacha, serikali inazichukua," akasema. Nimelisikia neno hili hapa Marekani hadi nimechoka, na linaniuma, kwa sababu wanaoliamini ndio wazee wanaotembea na pesa ya mwezi mzima kiunoni.

Pesa iliyoingia kwenye Direct Express, kadi wanayopewa wasio na akaunti ya benki, ni yako. Hailali ikapotea. Kadi ikiisha muda unaletewa nyingine, na salio liko palepale.

Uvumi huu una mahali ulipotoka. SSI ina kikomo cha mali: dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa mke na mume. Ukiuanza mwezi ukiwa na zaidi ya hapo, malipo ya mwezi huo si haki yako, na ukilipwa watakudai. Lakini zinahesabiwa pesa zako zote, hata za kwenye kitenge! Kwa hiyo kuzitoa hakukusaidii kitu. Lipa kodi ya nyumba, nunua unachohitaji, tunza risiti. Kulipia dukani kwa kadi hakuna ada. Namba ya siri usimpe mtu, hata mjukuu. (Anayepokea peke yake pensheni ya Social Security, ile ya waliofanya kazi na kuchangia, hana kikomo hiki.)

Wengine bado wananiomba niwasaidie warudi kulipwa kwa hundi, eti ni salama zaidi. Hundi huibwa kwenye sanduku la barua, na tangu 30 Septemba 2025 serikali ya shirikisho inaachana nazo, isipokuwa kwa wachache wenye sababu maalumu.

Na wale waliosema Oktoba, "wamenilipa mara mbili"? Tarehe 1 Novemba 2025 iliangukia Jumamosi, kwa hiyo malipo yaliingia Ijumaa, 31 Oktoba. Yalikuwa ya Novemba. Aliyeyatumia kama zawadi alingoja hadi 1 Desemba.

Ukihama benki, malipo hayakufuati yenyewe. Peleka namba mpya ya akaunti kwa Social Security, na ile ya zamani usiifunge mpaka uone malipo ya kwanza yameingia kwenye mpya.