Mavuno ya tumbaku kupanda si watu kuvuta zaidi

Jamani hili tulimalize. Kila mavuno ya tumbaku yakipanda, watu wanaanza: "Watanzania sasa hivi wanavuta kupita kiasi." Msimu wa 2022/23 uzalishaji ulipita tani 120,000, karibu mara mbili ya msimu uliotangulia, na mpaka leo bado naletewa hilohilo. Wavutaji waliongezeka mara mbili kwa mwaka mmoja? Haiwezekani!

Mkulima wa Urambo au Kaliua, huko Tabora, hapandi kwa kuangalia nani anavuta Kariakoo. Analima kwa mkataba. Kampuni inasema inataka kilo kadhaa, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inagawa makisio ya kila mkulima alime kiasi gani, mbolea inakuja kwa mkopo, jani linakaushwa kwenye bani, kibanda cha kukaushia, halafu siku ya soko marobota yanapangwa chini, mteuzi anapita, anashika jani, anaangalia rangi, anaandika daraja, na bei yenyewe imekuwa ikipangwa kwa dola. Dola! Hapo tu ungejua mzigo unaelekea wapi. Unasindikwa, Morogoro kwa mfano, na sehemu kubwa inasafirishwa nje. Tani zikipanda, mara nyingi maana yake wanunuzi wameongeza mikataba.

Mauzo ya sigara nayo usiyabebe hivihivi kama kipimo cha wavutaji. Kiwanda cha sigara cha Dar kinauza mpaka nchi jirani, kwa hiyo toa za nje kwanza, na hata ukitoa, za magendo hazimo, na ugoro wa kufunga kwenye karatasi pale gengeni haumo kabisa.

Ukitaka kujua nani anatumia, nenda kwenye utafiti wa kaya. Ule wa GATS, utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima, uliofanyika nchini 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanatumia tumbaku, wanaume 14.6, wanawake 3.2. Hiyo ya wanawake mi naitilia shaka sana, naona iko chini. Bibi mwenye ugoro kwenye pindo la kanga, unamuuliza mbele ya mkwewe, atakujibu nini?

Na asilimia ikishuka msikimbilie kushangilia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Kwa ongezeko hilo, asilimia ya wavutaji isiposhuka kwa zaidi ya robo, wavutaji wenyewe wameongezeka, na hao ndo watakaohitaji kitanda hospitalini.