Kipimo kimoja zaidi

Mwezi uliopita jamaa mmoja alimleta mkewe kliniki yetu hapa Kondele, Kisumu, akaniambia, "Daktari, mpime kila kitu mara moja, atulie." Sentensi hiyo nimeisikia mwaka huu mara nyingi kuliko salamu, nikaona heri niiandikie, pamoja na wasiwasi wa afya unaoizaa, yaani hofu isiyoisha ya kuwa mgonjwa, kabla sijamjibu mtu vibaya.

Mama huyo (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) anauza mitumba soko la Kibuye. Alikuja na mfuko wa karatasi za maabara: Widal (kipimo cha homa ya matumbo) nne, malaria, sukari, ini, figo, picha mbili za kifua. Pia alikuwa na daftari la shule alimoandika presha yake. Siku moja alijipima mara 14. Asubuhi namba ya juu ilikuwa 128, saa sita 141, saa nne usiku 156. Mumewe ananionyesha ile 156 kana kwamba amemkamata mwizi. Lakini ukikaa na mashine ukiisubiri ikuhukumu, presha itapanda tu. Unaiona namba, unaogopa, unapima tena.

Sasa hiyo "kila kitu". Viwango vya kawaida vya vipimo vingi vya damu vimewekwa ili asilimia 95 ya watu wenye afya waingie ndani. Watano katika kila mia hubaki nje na hawaumwi chochote. Mpime mzima wa afya vitu 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka na kinyota pembeni, alama ya kuwa nje ya kiwango, ni kama asilimia 64. Nenda basi ukamweleze mtu ambaye hajalala siku tatu kwamba hicho kinyota hakina maana. Na Widal, kipimo cha tangu 1896, huku kwetu kinaweza kusema "chanya" kwa sababu tu uliwahi kukutana na vijidudu vya homa ya matumbo zamani. Mama wa watu amemeza antibiotiki mara tatu.

Ila hata majibu yakitoka safi kabisa, bado. Watu hudhani mwenye wasiwasi wa afya hayaamini majibu. Anayaamini sana, mpaka Alhamisi. Jumatatu amelala fofofo. Alhamisi anawaza, je, kama walichanganya chupa? Je, kama nilipimwa mapema mno? Ile nafuu ya Jumatatu ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba hofu ikija, dawa yake ni kuuliza. Kwa hiyo unauliza tena. Nyumbani mume ndiye maabara: "Baba Achieng', shika hapa shingoni, kivimbe kimeongezeka?" "Hakuna kitu." Mara kumi kwa siku, kwa upendo kabisa. Na tezi yenyewe inauma kweli! Ibonyeze mara hamsini kwa siku uone kama haitauma.

"Kwa hiyo anajifanya?" Hapana. Ukiogopa unapumua haraka, hewa ya kaboni dioksidi inapungua mwilini, vidole na midomo inapata ganzi, kichwa kinazunguka. Anachohisi kipo, kosa liko kwenye tafsiri. Msimwambie ajikaze. (Na wewe wa miraa na soda za kuongeza nguvu, moyo kwenda mbio usiku usinililie mimi kwanza.)

Sasa niseme na langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia kijana mmoja kwamba ni wasiwasi tu. Baadaye mwenzangu alimpima thairoidi, tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili, akakuta inafanya kazi kupita kiasi. Tangu hapo napima mara moja, vizuri, kisha nasimama. Nisimame wapi hasa? Vitabu vinanipa miezi sita ya hofu kama kigezo cha kutoa jina la ugonjwa, lakini haviko nami chumbani mama anapolia. Kuna siku nimeagiza kipimo kwa sababu nilichoka mimi, si kwa sababu alikihitaji yeye. Na homa ni homa: tuko kando ya ziwa, mbu hamuulizi mtu kama ana wasiwasi. Dalili mpya kama kukohoa damu, kukonda bila sababu au joto kali, njoo.

Mama tulikubaliana hivi: mashine ya presha ikae kwa dada yake kule mtaa wa Nyalenda, apime Jumamosi tu. Hamu ya kubonyeza shingo ikija, angoje dakika kumi kwanza, kisha ishirini, na aandike anachokihofia ili tukirudie baada ya wiki tuone kama kilitokea. Dawa zipo pia, na kwa baadhi ya watu zinasaidia. Yeye hakuzitaka kwa sasa.

Mume ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimwomba asijibu tena swali la shingo. "Omera (ndugu yangu), unataka nilale nje?" Tukatafuta maneno yake mwenyewe: "Naona umeogopa. Njoo tunywe chai."

Jumapili alinipigia. Ameulizwa mara nne, ameteleza akashika shingo mara moja, na sukari ya nyumba imeisha.